Mizani ya Miiko: Historia ya Chakula katika Tiba ya Vidonda vya Utumbo Mpana

Miongoni mwa maradhi ya tumbo yaliyomtaabisha mwanadamu, ni machache yaliyoagiziwa miiko mingi, tena yenye kupingana, kama vidonda vya utumbo mpana. Maradhi haya, ambayo matabibu huyaita kolaitisi ya vidonda, huvimbisha na kuchubua utando laini wa ndani ya utumbo hata ukatoa damu na kamasi, yakamwendesha mgonjwa chooni mchana na usiku, yakamkondesha na kummaliza nguvu. Kisha, bila ya sababu iliyo dhahiri, huweza kutulia kwa miezi au miaka kabla ya kurejea. Katika tabia hiyo ya kutulia na kurejea ndimo ulimofichika mtego uliowanasa wengi, kwa kuwa chakula alichokula mgonjwa siku maradhi yalipotulia kilipata sifa ya kuwa dawa, na alichokula siku yaliporejea kilipata lawama ya kuwa sumu. Na historia ya tiba yake, ukiitazama kwa makini, ni historia ya watu waliojifunza polepole, na kwa gharama kubwa, namna ya kuipima sifa hiyo na lawama hiyo kwa mizani ya haki.

Wakale hawakughafilika na taabu hii. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha Kanuni habari za michubuko na vidonda vya matumbo. Na katika tiba ya Kiarabu iliyolelewa na vitabu vya namna hiyo, ambayo athari zake zilienea hata katika miji ya mwambao wetu, chakula na dawa havikuwa na ukuta baina yao. Maganda ya komamanga yalichemshwa yakanywewa ili kufunga tumbo, na mgonjwa akalishwa uji mwepesi wa mchele, akakatazwa pilipili na kila kitu kikali mpaka apate afueni. Lakini kuhara damu ulikuwa mlango mmoja waliopita wagonjwa wa maradhi mengi mbalimbali, na aliyepona kwa komamanga hakuweza kujulikana aliugua nini hasa.

Kolaitisi ilianza kupambanuliwa na maradhi mengine katika mji wa London mwaka 1859, tena kwa sababu ya kesi ya mauaji. Mwanamke aliyeitwa Isabella Bankes alifariki huko Richmond baada ya majuma kadhaa ya kuhara na kutapika, na mwanamume aliyeishi naye kama mumewe, tabibu Thomas Smethurst, akashitakiwa kuwa amemlisha sumu. Alihukumiwa kunyongwa, kisha akasamehewa kwa udhaifu wa ushahidi, kwani mkemia mashuhuri wa siku hizo alikuwa amekwisha kukiri kwamba aseniki aliyoiona katika kipimo chake ilitoka katika vifaa alivyovitumia mwenyewe. Samuel Wilks, tabibu wa hospitali ya Guy's, alipoyachunguza matumbo ya marehemu aliandika kuwa yamevimba na kujaa vidonda. Wataalamu wa baadaye wamedhani huenda yale yalikuwa maradhi ya Crohn, yaliyo jamaa ya kolaitisi. Hata hivyo, andiko la Wilks likawa msingi wa elimu ya vidonda hivi. Ni ibra kubwa kwamba elimu hiyo ilizaliwa siku ambayo mtu alikaribia kunyongwa kwa lawama ya kitu kilichodhaniwa kuwa kimeliwa.

Ukali wa maradhi ulidhihirika mwaka 1909, Chama cha Kifalme cha Tiba kilipokutana London na kuzikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 300 waliolazwa katika hospitali za mji huo: karibu nusu yao walikuwa wamekufa. Matabibu wa zama hizo walikuwa na kitanda, maji ya kuoshea utumbo, kisu cha mpasuaji, na chakula. Na chakula chenyewe mara nyingi kilikuwa maziwa, mayai na mchuzi uliochujwa, kwa dhana kwamba kilicho laini hakitakwaruza palipochubuka. Haikupita miaka mingi, naye Albert Andresen wa Brooklyn, huko Marekani, akasimama kinyume cha jambo hilo, akidai tangu miaka ya 1920 kwamba wagonjwa wengi walidhuriwa na vyakula ambavyo miili yao ilivikataa, na kwamba adui wa kwanza alikuwa hayo maziwa. Basi kikombe kilekile ambacho tabibu mmoja alikiweka kando ya kitanda kama tiba, mwenzake alikiondoa kama sumu, na kila mmoja alikuwa na wagonjwa wa kumshuhudilia.

Afueni ya kweli ilikuja kwa njia nyingine. Nanna Svartz wa Stockholm, aliyekuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi, alitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1940 kuwa dawa yake, salfasalazini, iliwafaa pia wagonjwa wa kolaitisi. Mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 210, ambao baadhi yao walipewa kotisoni na wengine kidonge kisicho na dawa: baada ya majuma 6, wagonjwa 41 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wametulia kabisa, na 16 tu katika kundi la pili. Tazama hao 16: hawakupewa kitu chenye nguvu yoyote, nao wakatulia. Laiti wangepewa ndizi au asali, ndizi au asali ingepata sifa.

Truelove huyohuyo, asiyemdharau Andresen wala kumsadiki bila ya burhani, aliyapeleka maziwa kwenye mizani. Mwaka 1965, pamoja na mwenzake Ralph Wright, alitangaza jaribio ambalo wagonjwa waligawanywa: wengine wakaacha maziwa, wengine wakaacha ngano na jamaa zake, na wengine wakapewa mwiko wa bandia, wa vyakula visivyodhaniwa kuwa na neno, ili kila mmoja aamini kuwa anatibiwa. Kuacha ngano hakukuleta faida. Kuacha maziwa kuliwafaa takriban mtu mmoja katika watano. Kwa hukumu hiyo pande zote mbili zilipata haki yake: Andresen hakuwa mzushi, lakini wanne katika watano walinyimwa maziwa bure, nao ni watu waliokonda na wenye haja ya kila lishe.

Huku kwetu Afrika Mashariki, maradhi haya yalidhaniwa kuwa hayampati Mwafrika. Mpasuaji Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, alitangaza baadaye kwamba vyakula vyenye makapi na nyuzinyuzi vya watu wa vijijini viliwakinga na maradhi mengi ya utumbo yaliyoenea Ulaya. Lakini mwaka 1966 matabibu Billinghurst na Welchman walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za Waafrika 4 waliougua kolaitisi. Kolaitisi ilikuwa rahisi kufichika, kwa kuwa amiba na kichocho, ambavyo navyo huharisha damu, vilikuwa vingi, na kila aliyeharisha damu alipewa dawa zake. Mwenye kolaitisi aliweza kumeza dawa hizo mwaka hata mwaka bila ya kujulikana.

Hata katika karne hii mizani haijawekwa chini. Mwaka 2006 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Hiroyuki Hanai, walitoa habari za wagonjwa 89 waliokuwa wametulia, wote wakiendelea na dawa zao, ambao nusu waliongezewa kila siku gramu 2 za kurkumini, asili ya rangi ya manjano. Baada ya miezi 6, maradhi yaliwarejea 2 kati ya 43 walionywa kurkumini, na 8 kati ya 39 wa upande wa pili. Hii ni habari njema kwa watu wa visiwa vya viungo, ila iandamane na hadhari mbili: kurkumini iliongezwa juu ya dawa wala haikushika mahali pake, na manjano ya unga yana takriban sehemu 3 tu za kurkumini katika 100, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani haufikii kipimo hicho.

Kwa muda wa miaka hii yote chakula hakijaponya kolaitisi, wala hakijawa kitu cha kupuuzwa. Uji laini humpumzisha mgonjwa siku za maumivu, madini ya chuma humrudishia damu iliyopotea, asidi ya foliki humfaa anayetumia salfasalazini, na usingizi na utulivu wa moyo humwongezea stahamala. Mwenye kuharisha damu akatibiwa amiba asipone, na apelekwe akachunguzwe utumbo kwa kipimo cha kamera. Na mwenye kutaka kujua kama maziwa, au pilipili, au kingine chochote, humdhuru, na ajaribu kimoja kwa wakati, akiandika anachokiona, akiwa na tabibu wake na bila ya kuacha dawa. Mgonjwa anayefanya hivyo anarithi elimu iliyonunuliwa kwa maisha ya wengi, na anaitendea insafu.