Ngoma za Msibani

Bagamoyo ninayoiandika hapa si ile ya pwani yenye Chuo cha Sanaa. Ni kata yetu ya Tukuyu, ambako mvua haiulizi msimu na ngozi ya ngoma hulegea usipoiota moto. Babu yangu alipofariki mwaka 1971, ndipo nilipojua kwamba ngoma inaweza kugombanisha ndugu.

Baba na shangazi zangu walikuwa Wakristo. Walitaka nyimbo za kitabu na tarumbeta za kanisani. Babu mdogo, ambaye hakubatizwa, alikuwa ameshaazima ngoma tatu na kuziegemeza migombani. Mzee wa kanisa akasema zikilia, kwaya itaondoka.

Ugomvi huo ulikuwa na umri mkubwa kuliko sisi sote. Wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Waliwakuta Wanyakyusa wakizika kwa ngoma: wanawake wanalia, vijana wanavaa njuga miguuni, wanashika mikuki na kucheza, na ng'ombe wanachinjwa. Mgeni aliyewaona vijana wakiruka huku wasichana wakiwatazama alidhani ni sherehe. Na kusema kweli wachumba walipatikana hapo hapo, na zamani hata mapigano ya kijiji na kijiji. Lakini Godfrey Wilson, msomi Mwingereza aliyefanya utafiti huku pamoja na mkewe Monica kati ya mwaka 1934 na 1938, alihudhuria misiba mingi na kuwauliza wenyewe. Maandishi yake ya mwaka 1939 kuhusu mazishi yanaeleza kwamba kwa wazee kule kucheza ndiko kuomboleza. Hasira na hofu ya kifo hutolewa kwa miguu. Nadhani waliopiga marufuku ngoma hawakupata nafasi ya kuuliza.

Babu mdogo hakuwahi kusoma maandishi hayo. Alimwambia baba tu: "Mwanangu, ninyi mlilieni kwa kitabu. Mimi nitamlilia kaka yangu kwa namna aliyoijua."

Wakagawana saa. Tarumbeta zilipigwa mpaka kaburi likafukiwa. Mzee wa kanisa akaaga, kwaya ikamfuata. Babu mdogo akawasha majani makavu ya migomba, akazigeuza ngoma juu ya moto moja moja, akizigonga na kutega sikio. Zilipoanza kulia, baba alikuwa amesimama mlangoni na kitabu chake cha nyimbo. Hakucheza. Lakini mimi niliyekuwa mfupi, macho yangu usawa wa mikono yake, niliona kidole kikigonga jalada.