MWENYE LORI NA MWENYE MZIGO
Somo la redio: Historia ya uchukuzi katika bonde la Kilombero

Leo tutasoma habari za uchukuzi wa mizigo katika bonde la Kilombero. Kisha tutaona sababu ya mwenye lori kupatana mwenyewe na mwenye mzigo.

Hapo kale mizigo ya Ifakara ilichukuliwa kwa kichwa au kwa mtumbwi. Wandamba, wenyeji wa bonde, walijua sana njia za maji, hata wakati wa mafuriko ya masika. Wajerumani walipoweka boma Mahenge, wapagazi waliupanda mlima na mizigo vichwani. Mpagazi alijua uzito wa mzigo. Bei yake hakuijua.

Baadaye malori yalikuja. Lakini lori la kwenda Mahenge lilifika mtoni likangoja kivuko. Baada ya uhuru, mazao yaliuzwa kwa vyama vya ushirika, kisha kwa Shirika la Usagishaji la Taifa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Siku hizo mtu hakuruhusiwa kusafirisha nafaka nyingi apendavyo.

Mwaka huo huo wa 1976 reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikabidhiwa rasmi. Inapita Ifakara na Mlimba. Sasa angalieni Kidatu, mahali reli hii inapokutana na tawi la reli ya kati. Upana wa njia ya TAZARA ni milimita 1,067. Wa reli ya kati ni milimita 1,000. Behewa la kawaida la huku haliwezi kupita kule. Basi mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Kila mkono unaoushika mzigo hutaka ujira wake.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, watu binafsi waliruhusiwa kusafirisha nafaka kwa uhuru. Hapo mwenye lori alipata nafasi, na dalali naye akapata kazi. Dalali si mwizi. Yeye anajua nani ana mpunga na nani anautaka, na ujuzi huo ndio anaouuza. Lakini naye ni mkono mmoja, kama ule wa Kidatu. Asiyetaka kumlipa, na autafute ujuzi huo mwenyewe.

Mwezi wa Januari 1916 haukuwa na daraja mtoni, wala Januari 2016. Mwezi huo wa 2016 kivuko cha Kilombero kilipinduka. Mwaka 2018 daraja lilifunguliwa, na lori likavuka bila kungoja. Hata hivyo daraja ni la wote. Halimwonyeshi mtu mzigo ulipo.

Basi mwenye lori afanyeje?

Kwanza, kabla ya mavuno aende kwenye mashine za kukoboa mpunga na kwenye vyama vya msingi vya wakulima. Aulize: mzigo utakuwa tayari lini, na unakwenda wapi?

Pili, apatane nauli kwa kilo, si kwa gunia. Gunia la lumbesa huonekana moja, lakini huvunja springi za lori.

Tatu, kabla ya kwenda Dar es Salaam awaulize wenye maduka wa Ifakara kama wana bidhaa za kuletwa. Lori likirudi tupu, mafuta hulipwa na mwenyewe.

Nne, mapatano yaandikwe: majina, kilo, nauli, siku, na mahali pa kushusha. Wote wawili watie sahihi. Hapa kusoma kwenu kuna faida. Mpagazi wa zamani hakuweza kuisoma karatasi iliyotaja mzigo wake. Ninyi mtaisoma, na mtaiandika.

MASWALI
1. Kwa nini mizigo hushushwa Kidatu?
2. Dalali anauza nini?
3. Hesabu: Lori limepakia kilo 8,000. Tuseme dalali anachukua shilingi 15 kwa kila kilo. Mwenye lori anakosa shilingi ngapi? (Jibu: 120,000.)