Kufuli Juu ya Wimbo

Wenye umri kama wangu wanakijua kijishimo kilichokuwa mgongoni mwa kaseti. Kaseti iliyotoka kiwandani na muziki ndani yake ilikuwa imeondolewa vijipande viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande, ili kitufe cha kurekodi kigome kushuka. Kule kwetu Kingerikiti, enzi hizo ikiwa wilaya ya Mbinga kabla wilaya ya Nyasa haijazaliwa, hapakuwa na kijana aliyebabaishwa na jambo hilo. Alitafuna kipande cha karatasi, akakishindilia kwenye kijishimo, na kaseti ya mahubiri ikageuka kuwa ya dansi.

Kwa haki tuseme kwamba kijishimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya wezi. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu asifute muziki wake kwa bahati mbaya. Dhidi ya kunakili, kaseti ambayo Philips waliitoa mwaka 1963 haikuwa na kinga hata moja. Ilitosha kuwa na redio ya deki mbili, kaseti tupu, na betri za National zenye nguvu.

Wiki hii nataka tulitazame swali ambalo limerudi tena midomoni mwa wasanii wetu: je, fundi anaweza kutengeneza kufuli la kumzuia mwizi wa nyimbo? Wapo wanaosema kwamba serikali ingetumia utaalamu wa kisasa, wizi ungekoma. Mimi nina mashaka, na mashaka yangu yanatokana na historia.

Tuanze nyumbani. Miaka ya 1960 na 1970 bendi zetu zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zikachapwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikwenda kurekodi Kenya, na huko ndiko alikofia kwa ajali ya gari mwezi Januari 1979. Mpaka wa Kenya ulipofungwa Februari 1977, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983, njia ya santuri ikawa nyembamba kama ya panya. Kisha mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na redio za kaseti zikamiminika. Kila mji ukapata kibanda cha kurekodi. Unapeleka kaseti tupu na orodha ya nyimbo, unalipa, jioni unarudi kuchukua mzigo wako. Mwenye kibanda alipata fedha. Muuza kaseti tupu alipata fedha. Aliyeutunga wimbo hakujua hata kama Mbinga kuna mtu anaitwa shabiki wake.

Hapo ndipo ugumu ulipo, nami sipendi tuupite haraka. Msimu wa kahawa, malipo yakishatoka, mtu wa Kingerikiti alikuwa na fedha za kununua kaseti halali. Angeinunua wapi? Barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kabla ya lami, wakati wa masika ilikuwa ni kusukuma gari. Duka la kaseti halisi halikuwapo. Nakala ya kibandani ndiyo iliyokuwa duka letu, na bila hiyo wengi wetu tusingezijua sauti za wanamuziki ambao leo tunawaombolezea kwamba walikufa maskini.

Mkulima wa kahawa atanielewa nikilieleza hivi. Mkulima aliyeuza kupitia ushirika alipata malipo ya awali, halafu akasubiri malipo ya pili. Yalichelewa, mara nyingine yalitia uchungu, lakini alijua kwamba ana haki nayo na alijua wa kumdai. Mwanamuziki wa miaka ya 1990 alimkabidhi msambazaji kaseti mama, akapewa fedha za mkupuo, na biashara ikaisha. Malipo ya pili hayakuwapo. Kwa hiyo hata kama kibanda cha Mbinga kingefungwa kwa kufuli la chuma, senti ambayo ingeokolewa ingekwenda kwa msambazaji.

Sasa tuwatazame wenzetu wenye utaalamu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 kanda nyingi za video za filamu zilitiwa kinga iitwayo Macrovision. Ilikuwa ni ishara iliyofichwa katika sehemu ya picha ambayo mtazamaji haioni. Televisheni haikujali, lakini deki ya kunakilia ilidanganyika, ikapandisha na kushusha mwanga, na nakala ikawa inafifia na kung'aa kama taa ya kibatari kwenye upepo. Werevu mkubwa huo. Haukupita muda, vikauzwa vijisanduku vya kuisafisha ishara hiyo.

Zikaja DVD zenye kufuli la tarakimu. Mwaka 1999 kijana wa Norway mwenye umri wa miaka 15, Jon Lech Johansen, pamoja na wenzake, wakasambaza programu ya kulifungua. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama ikamwachia huru. Mwaka 2002 kampuni ya Sony ilikuwa ikitoa Ulaya CD ambazo zilikataa kusomwa na kompyuta. Watu wakagundua kwamba ukipaka ukingo wa sahani kwa kalamu ya wino mzito, kinga inakufa. Na mwaka 2005 ikaja aibu kubwa zaidi: CD za Sony BMG zilikutwa zinajipenyeza kimyakimya ndani ya kompyuta ya mnunuzi, zinajificha, na kuacha mlango wazi kwa virusi. Kampuni ikalazimika kuziondoa sokoni. Tazama aliyeumia ni nani. Ni yule aliyekwenda dukani akalipa. Aliyepewa nakala ya wizi hakuguswa.

Sababu yake si ngumu. Wimbo ni lazima ufike sikioni, na kinachofika sikioni kinaweza kufika kwenye mashine nyingine ya kurekodia. Anatakiwa mtu mmoja tu duniani kulivunja kufuli. Wengine wote wanapokea kazi yake ikiwa tayari.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, ilikataza pia vifaa vya kuvunjia kinga za namna hiyo. Ni kifungu kizuri, ingawa wakati huo vijiji vingi vya ukanda wa ziwa vilikuwa na kaseti tu, isiyo na kinga ya kuvunja. Kufuli letu sisi lilikuwa la karatasi: mwaka 2006 kanuni zikaleta stika ya hakigram, na mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ikaleta stempu za kodi kwa kanda na sahani za muziki na filamu. Sizidharau. Stika ilimwezesha askari kumuuliza muuzaji wa Kariakoo swali lenye jibu. Lakini stika hukaa juu ya kasha, na wimbo umo ndani. Simu za memori kadi zilipoingia, kasha likatupwa na stika yake.

Wapo watakaosema, mbona unawatetea wezi? La. Kwaya moja ya kwetu, katikati ya miaka ya 1990, iliuza mahindi na kahawa ili ilipie studio. Ilipofika Krismasi nyimbo zake zilisikika hadi Liuli na Lituhi, na boksi la kaseti likawa limebaki kwa mweka hazina. Walialikwa kuimba kila mahali, wakafurahi, na deni wakalilipa kwa jembe. Sitawaambia wanakwaya wale kwamba kunakiliwa kuliwasaidia.

Ninachosema ni kwamba fedha ifuatwe pale inapopita. Ujerumani iliona hivyo mwaka 1965: ikaacha kumkimbiza mtu anayerekodi chumbani kwake, ikatoza mashine ya kurekodia, na fedha ikagawiwa watunzi. Tanzania nayo, katika miaka hii ya 2020, imeweka tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia. Na Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300. Hayo ndiyo malipo ya pili niliyoyataja.

Ila hugawiwa aliyesajiliwa. Watunzi wa mganda na kioda huku ziwani, ambao nyimbo zao huvuka kutoka kijiji hadi kijiji kwa mdomo na sasa kwa simu, wengi hawamo kwenye daftari lolote. Wanakwaya niliowataja nao hawakuwamo. Nilipowaeleza, mwenyekiti wao aliuliza kwanza kama wimbo uliotungwa na marehemu unakubaliwa. Nikamjibu kwamba sheria inaulinda kwa miaka mingi baada ya kifo chake, na warithi wake ndio wenye haki. Ameniomba nimpelekee fomu.