Historia Fupi ya Umeme wa Jua, na Funzo Lake kwa Sisi Wakimbizi



Katika toleo hili la kumbukumbu nimechagua kueleza habari za umeme wa jua. Sababu wengi wenu mnaijua. Mtakumbuka taa za jua zilizogawiwa katika bloki zetu. Mwaka wa kwanza zote ziliwaka, watoto wakasoma usiku. Mwaka wa pili betri zilianza kufa moja moja, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyefundishwa kuzibadilisha. Tukarudi kwenye kibatari, na paneli nyingine zikaezekea mabanda ya kuku. Jua lilikuwa lilelile. Ni kitu gani kilikosekana? Tuulize historia.

UMEME HUU ULIANZAJE?

Mwaka 1839 Mfaransa Edmond Becquerel aligundua kwamba mwanga ukipiga vitu fulani huzaa umeme. Lakini ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya jambo hilo kuwa na faida. Mwaka 1954, katika maabara ya Bell huko Marekani, wataalamu watatu, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walitengeneza seli ya silikoni iliyogeuza karibu asilimia 6 ya nguvu ya jua kuwa umeme.

Seli hizo zilikuwa ghali sana, hata kazi yake kubwa ya kwanza ikawa angani. Tarehe 17 Machi 1958 Wamarekani walirusha setilaiti ndogo iitwayo Vanguard 1, yenye mitambo miwili ya redio. Mmoja ulitumia betri, nao ulinyamaza mwaka huohuo. Wa pili ulitumia seli za jua, ukaendelea kutuma sauti hadi mwaka 1964.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wati moja ya paneli iliweza kugharimu kama dola 100. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, mataifa yalianza kutafuta njia nyingine za kupata nishati, na bei ya seli ikashuka mwaka hadi mwaka. Leo wati moja kutoka kiwandani ni chini ya dola moja.

KENYA: SHULE YA KARAMUGI

Mwaka 1984, karibu na Mlima Kenya, Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi ilihitaji umeme. Injinia Mmarekani Harold Burris, pamoja na Mark Hankins aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, waliishauri shule ifunge sola badala ya jenereta. Hawakuishia kufunga paneli na kuondoka. Waliwafundisha vijana wa pale ufundi wenyewe: kupima, kuunganisha nyaya, kutunza betri.

Mafundi hao wakaenda kuwafungia majirani, wakulima wa kahawa na chai. Wenye maduka wakaanza kuuza paneli ndogo za wati 10 au 12, za kutosha taa na televisheni ndogo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nyumba zaidi ya 100,000 nchini Kenya zilikuwa na umeme wa jua, na nyingi zililipiwa na wenyewe mfukoni.

NICARAGUA: WALIOUMIZWA NA VITA

Mfano wa pili uko mbali, lakini watu wake wanafanana nasi. Katika miaka ya 1980 Nicaragua ilikuwa vitani. Wengi walikimbilia Honduras, na mpakani yalifukiwa mabomu ya ardhini yaliyoendelea kukata watu miguu na mikono baada ya amani kurudi. Nchi ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu mwaka 2010 tu.

Katika miaka ya 1990, mwalimu Susan Kinne wa chuo kikuu cha uhandisi mjini Managua alianzisha kikundi kiitwacho Grupo Fénix. Mwaka 1999 kikundi hicho kilianza kuwafundisha waliojeruhiwa na mabomu hayo, katika wilaya ya Totogalpa, kutengeneza paneli kwa mikono yao. Mwalimu mmojawapo alikuwa Mmarekani Richard Komp, aliyetumia seli ambazo viwanda vilizikataa kwa dosari ndogo. Baadaye akina mama wa kijiji cha Sabana Grande walifanya kazi hiyo kuwa yao, wakaanzisha chama chao cha Wanawake wa Jua wa Totogalpa.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya elimu kubwa. Seli moja hutoa kama nusu volti tu. Uso wake unaotazama jua ni hasi, mgongo wake ni chanya. Fundi hulehemu utepe kutoka usoni mwa seli ya kwanza hadi mgongoni mwa seli ya pili, na kuendelea hivyo mpaka seli 36 zifuatane. Zikifika hapo hutoa karibu volti 18, zinazotosha kuchaji betri ya volti 12. Kisha seli hufunikwa kwa kioo, huzibwa pembeni maji yasiingie, na kutiwa fremu. Seli ni nyembamba na huvunjika kama ganda la yai. Unyevu ukiingia, paneli huharibika mapema.

JORDAN: KAMBI YA AZRAQ

Mwezi Mei 2017 kambi ya Azraq, wanakoishi wakimbizi kutoka Syria, ilipata kituo cha umeme wa jua cha megawati 2. Wakimbizi zaidi ya 50 walifundishwa na kuajiriwa katika ujenzi wake. Ni jambo la kuwakumbusha wanaosema kuwa mkimbizi hawezi kukabidhiwa kazi ya ufundi.

FUNZO KWETU

Tuseme kweli. Kwa bei za leo, paneli ya kujitengenezea haishindi ya kiwandani kwa urahisi wala kwa uimara. Ya kiwandani iliyo nzuri hudumu miaka 25 na zaidi. Basi kwa nini tujifunze? Kwa sababu aliyewahi kulehemu seli 36 hatishwi na waya uliokatika. Anajua kwamba paneli ikiwekwa kivulini hata upande mmoja, umeme hupungua sana. Anajua kwamba betri ya risasi ikimalizwa kila usiku hufa upesi. Taa iliyozimika, yeye anaiona ni kazi ya saa moja.

Na akiba nayo ipo. Kila nyumba ihesabu fedha inazotoa kwa mafuta ya taa na kuchajisha simu sokoni kwa mwezi, kisha kwa mwaka. Fedha hizo zingenunua betri mpya.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: tunashukuru kwa taa mlizoleta. Tunaomba zitakapokuja nyingine, zije pamoja na mwalimu, bisibisi, kipimo cha umeme na vipuri, na katika kila bloki wafundishwe watu wawili, mmoja wao mwanamke.

Na kwetu wenyewe: tusingoje. Wamo kati yetu mafundi wa redio na simu. Waanze na taa zilizolala mabandani. Wazee walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.