Mfinyanzi na Mwanafunzi Aliyeinuka

Sogeeni karibu na redio, na wale waliopata kijitabu hiki wafuate maneno kwa kidole.

Leo twazungumza juu ya kutafakari, yaani mtu kuutuliza moyo wake na kumkumbuka Mungu. Wengi wenu mmewahi kusikia dhikri ya tarika ya Kadiriya: watu wamesimama, wanayumba pamoja, na sauti zatoka kifuani hata mtaa mzima husikia. Yuko mtu ambaye moyo wake hufunguka papo hapo. Na yuko mwingine, mcha Mungu vile vile, ambaye sauti zile humpotezea hata kile kidogo alichokuja nacho. Je, huyu wa pili afanye nini? Swali hili ni la zamani. Ili tulijibu, nitawapeleka mbali kidogo, mpaka mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistani.

Karibu na mji huo, mwaka 1318, alizaliwa mtoto aitwaye Bahauddin. Alipokua akawa mwanafunzi wa Shehe Amir Kulal. Neno kulal kwa Kiajemi ni mfinyanzi, maana shehe huyo alikuwa akifinyanga vyungu. Wanafunzi wake walipokutana walifanya dhikri kwa kupaza sauti. Bahauddin alikaa nao na kumheshimu sana mwalimu wake. Lakini dhikri ya sauti ilipoanza, aliinuka akatoka.

Fikiri jambo hilo, ndugu. Kutoka mbele ya mwalimu, na wenzako wote wanakutazama! Yeye alifuata mafundisho ya Shehe Abdulkhaliq Ghijduvani, aliyekufa zamani kabla yeye hajazaliwa, ambaye alifundisha dhikri ya moyoni. Katika njia hiyo mtu huichunga kila pumzi, isiingie wala isitoke hali moyo umesahau. Tena hujizoeza kuwa peke yake hata akiwa katikati ya watu, mathalan sokoni: mkono wapima mchele, moyo wakumbuka.

Wenzake walichukizwa, wakamnung'unikia kwa mwalimu. Masimulizi ya wafuasi wake yasema kwamba Amir Kulal alinyamaza, hata siku moja watu yapata 500 walipokusanyika kujenga msikiti. Ndipo akasema mbele ya wote kwamba wao ndio waliokosa, kwa kumdhania mwenzao vibaya. Kisha akamwambia Bahauddin kwamba yote aliyokuwa nayo amekwisha kumpa. Sasa aende akatafute kwa walimu wengine. Mimi namstahi mfinyanzi huyu kuliko hata mwanafunzi wake. Kumwachilia mwanafunzi aliye bora aende zake si kazi nyepesi kwa mwalimu yeyote.

Bahauddin alikufa mwaka 1389, na tarika ya Nakshibandi yaitwa kwa jina lake. Ilienea Uturuki, Bara Hindi, hata China. Huko China hapakuwa na mfinyanzi wa kuwasuluhisha watu. Shehe mmoja, Ma Mingxin, alikwenda kusoma Yemen, akarudi kwao na dhikri ya sauti, ingawa naye alikuwa wa tarika hiyo hiyo. Katika jimbo la Gansu wafuasi wa dhikri ya sauti wakagombana na wafuasi wa dhikri ya kimya. Mwaka 1781 ugomvi ukawa wa kuuana, serikali ya mfalme ikaingia kati, na Ma Mingxin akauawa katika mji wa Lanzhou.

Sasa chukueni madaftari. Andikeni maneno haya: pumzi, mfinyanzi, kimya, sauti. Kisha kila mtu, wa dini yoyote, aandike sentensi mbili: ni saa gani, na ni mahali gani, moyo wake hutulia. Mwalimu wa darasa asisahihishe ila herufi tu. Wala usinakili ya jirani yako.

Kwaherini mpaka juma lijalo, saa ile ile.