Telegramu, utepe wa sumaku na ahadi ya waziri

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze historia. Kila serikali inapotaka data za raia husema, tuaminini. Basi tazameni yaliyotokea Marekani.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, jeshi la Marekani liliziendea kampuni tatu za telegramu, RCA Global, ITT na Western Union, likitaka nakala za telegramu zilizoingia na kutoka nchini. Kampuni ziliingiwa na wasiwasi: tukishtakiwa je? Mwaka 1947 Waziri wa Ulinzi, James Forrestal, alikutana na baadhi ya wakuu wao akawahakikishia kwamba serikali iliyokuwapo isingewashtaki. Ahadi ya mdomo tu, wala si sheria. Mradi huo, ulioitwa SHAMROCK, ukadumu miaka 30!

Hapa ndipo fani yetu inapoingia. Mwanzoni ilikuwa karatasi, na karatasi inataka macho ya mtu. Miaka ya 1960 zikaja tepe za sumaku, na kompyuta ikaweza kuchuja telegramu kwa majina. Shirika la NSA lilikuwa na orodha yake, na ndani yake walikuwemo Wamarekani waliopinga vita vya Vietnam. Miaka ya mwisho wachambuzi walipitia telegramu kama 150,000 kila mwezi. (Sisi waandika programu tunapenda kusema kompyuta haina siasa. Aliyeandika ile orodha je?)

Mradi ulifungwa Mei 1975, kamati ya Seneti chini ya Frank Church ilipokuwa ikichunguza mashirika ya ujasusi. Oktoba, mkuu wa NSA, Jenerali Lew Allen, aliketi mbele ya kamati hadharani, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Ikulu ilimsihi Church asiitaje SHAMROCK. Novemba akaitaja. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya FISA, na mahakama maalum ya kutoa vibali. Aliyeshtakiwa? Hakuna.

Machi 2013 Seneta Ron Wyden alimuuliza mkuu wa ujasusi, James Clapper, kama NSA inakusanya data yoyote ya mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana. Juni nyaraka za Edward Snowden zikaonyesha rekodi za simu zao zikikusanywa kila siku. Bunge lilizuia ukusanyaji huo mwaka 2015. Clapper alibaki kazini hadi Januari 2017.

Sasa sisi. Mei 2014 gazeti la mtandaoni The Intercept, likitumia nyaraka hizo hizo, lilieleza kuwa Kenya ni moja ya nchi ambazo NSA ilikuwa ikikusanya rekodi za simu za mkononi: nani kampigia nani, na saa ngapi. Ile sheria ya 1978 iliandikwa kumlinda Mmarekani. Wewe uliyempigia mama yako kule Kakamega humchagui seneta yeyote wa Washington, na bunge letu halina uwezo wa kumwita jenerali wa NSA aje ajieleze Nairobi.