Pini inapoelea, tarakilishi husoma uongo

Raspberry Pi ni tarakilishi kamili iliyojengwa juu ya ubao mmoja unaokaribia ukubwa wa kadi ya benki. Ilianza kuuzwa nchini Uingereza Februari 29, 2012, kwa nia ya kuwavutia vijana katika uandishi wa programu. Ukingoni mwa ubao huo mna safu ya pini, 26 katika matoleo ya kwanza na 40 tangu toleo la B+ la mwaka 2014. Kupitia baadhi ya pini hizo, programu huweza kujua iwapo kitufe kimebonyezwa au mlango umefunguliwa.

Pini ya kupokea ishara hutambua hali mbili tu: juu, umeme unapokaribia volti 3.3, na chini, unapokaribia sifuri. Programu huzisoma kama 1 na 0. Hata hivyo, pini isiyounganishwa na chochote haisomi 0, jinsi wengi wanavyodhani. Huelea. Hudaka umeme wa nyaya zilizo jirani, ikatoa 1 sasa hivi na 0 punde baadaye. Hata mkono ukiikaribia, jibu huweza kubadilika. King'ora kinachotegemea pini ya aina hiyo kitalia usiku wa manane pasipo mwizi, na mwenye nyumba akishachoka atakizima.

Dawa yake ni rezista. Ile ya omu 10,000 ikiunganishwa kati ya pini na volti 3.3, pini hutulia kwenye 1 hadi swichi iishushe kwenye sifuri. Kwa hivyo kitufe kilichobonyezwa husomwa 0, jambo linalowakanganya wanaoanza. Mpangilio huu una faida yake mlangoni: swichi ya sumaku ikiwa imefungwa pini husoma 0, na mwizi akikata waya itasoma 1, sawa na mlango uliofunguliwa.

Chipu ina rezista zake za ndani, ila ni dhaifu kwa waya mrefu, na ni programu inayoziwasha. Katika lugha ya Python, maktaba ya gpiozero huifanya kazi hiyo yenyewe. Amri ya Button(17) huandaa pini, na is_pressed hujibu kama kitufe kimebonyezwa. Nambari 17 ni ya chipu; kwenye ubao, hiyo ni pini ya 11. Vyuma vya kitufe navyo hurukaruka kidogo vinapogusana, na mbonyezo mmoja ukahesabiwa mara kadhaa. Programu huambiwa ipuuze mabadiliko kwa sekunde 0.05 hivi.

Maktaba kongwe ya RPi.GPIO, iliyojaa katika mafunzo ya zamani, haifanyi kazi kwenye Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023, kwa kuwa pini zake husimamiwa na chipu tofauti.

Lililo hatari zaidi ni volti 5. Umeme huo upo kwenye safu iyo hiyo, katika pini ya 2 na ya 4, na ukiingia kwenye pini ya kupokea ishara huweza kuunguza chipu. Vifaa vinavyotoa ishara ya volti 5 sharti vipunguziwe umeme kwanza, na rezista mbili zatosha.